Mwaka Mmoja Uswisi Ukiwa na Miaka 17: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Natokea Morogoro. Agosti 2024, baada ya kumaliza kidato cha nne, nilikwenda Uswisi kupitia shirika la kubadilishana wanafunzi, nikaishi mwaka mzima wa shule na familia mwenyeji katika mji wa Thun, jimbo la Bern. Nilirudi Julai 2025. Tangu hapo wanafunzi wanaotaka kuomba nafasi wananiuliza maswali yaleyale, na wazazi wao wananiuliza zaidi. Nimeyaweka hapa pamoja. Ninachokijua mimi ni Thun na maisha ya nyumba moja. Aliyekaa Geneva au Lugano atakueleza Uswisi nyingine, tena kwa lugha nyingine.

Thun ni wapi, na kwa nini ulichagua huko?

Sikuchagua. Wewe unaomba nchi, halafu familia ndiyo inayokuchagua baada ya kusoma barua uliyoiandika kujieleza. Kwa hiyo barua hiyo iandike kwa ukweli. Ukisema unapenda kupanda milima ilhali unapenda kukaa na kitabu, utapelekwa kwa watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri Jumamosi kwenda mlimani.

Thun ina watu kama 45,000. Mto Aare unatoka ziwani palepale mjini, na treni ya kwenda Bern, makao ya serikali, inachukua kama dakika 20. Asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau kwa mbali, ikiwa na theluji hata mwezi wa saba. Kitu kilichonishangaza kuliko milima ni barabara kuu ya mji wa kale: njia ya wapita kwa miguu iko juu ya paa za maduka, watu wanatembea huku wengine wananunua mikate chini ya miguu yao.

Shikamoo binti. Mwanangu ataishi na watu nisiowajua. Nitaamini vipi?

Marahaba haifai kutoka kwangu, mzazi wangu; shikamoo.

Katika programu yangu familia wenyeji hazilipwi. Wanajitolea, na kabla ya kukubaliwa walitembelewa nyumbani na kuhojiwa. Mwanafunzi pia anapewa mtu wa kumsimamia, anayeishi karibu lakini si wa familia ile, na huyo ndiye wa kumpigia kama jambo halisemeki mezani. Msichana mmoja wa Amerika Kusini niliyekuwa naye kwenye kambi ya mwanzo hakuelewana na familia yake, akahamishiwa nyingine. Hakuna aliyemlaumu. Mwambie mwanao hilo kabla hajaondoka, maana sisi tumelelewa kuvumilia na kunyamaza, na kule ukinyamaza wanadhani uko sawa.

Kuhusu usalama wa mitaani, watoto wa chekechea wanakwenda shule kwa miguu peke yao, wamevaa ukanda wa pembetatu unaong'aa ili madereva wawaone. Mimi nilirudi nyumbani kutoka mazoezini usiku kwa baiskeli na sikuwahi kuogopa. Wizi wa baiskeli upo. Funga kufuli.

Lazima nijue Kijerumani?

Uswisi ina lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Thun ni upande wa Kijerumani, na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu Kijerumani unachojifunza kwenye kitabu sicho wanachozungumza nyumbani.

Mwalimu anafundisha kwa Kijerumani sanifu. Kengele ikilia tu, darasa zima linahamia lahaja ya Bern, pamoja na mwalimu. Taarifa ya habari ya televisheni inasomwa kwa lugha sanifu, utabiri wa hali ya hewa unatolewa kwa lahaja. Vijana wanaandikiana meseji kwa lahaja ambayo haina tahajia maalumu, kila mtu anaandika anavyosikia. Nilikwenda nikiwa nimesoma Kijerumani cha mwanzo kabisa, naweza kujitambulisha na kuomba maji. Wiki za kwanza mezani nilikuwa naelewa mtu mmoja tu, mama mwenyeji, kwa sababu yeye alikuwa akigeukia lugha sanifu kwa ajili yangu.

Kilichonisaidia ni uamuzi wa familia. Kuanzia likizo ya Septemba hatukuzungumza tena Kiingereza nyumbani. Nilichukia uamuzi ule kwa muda, na leo ndio ninaowashukuru zaidi. Kufikia Januari nilikuwa naifuata lahaja, na kufikia Aprili niliweza kubishana nayo. Ushauri wangu: soma Kijerumani sanifu kwa bidii kabla ya kwenda, walau miezi sita, na usihangaike na lahaja ukiwa Tanzania. Itakuja. Jifunze tu kusema "Grüessech", salamu ya heshima ya Bern, kwa sababu utaihitaji siku ya kwanza.

Tunawaamkiaje wakubwa? Hawana shikamoo?

Hawana. Baba na mama wenyeji waliniomba niwaite kwa majina yao, na bibi pia. Kwa wiki kadhaa ulimi wangu ulikataa, nikawa nazunguka sentensi ili nisitaje jina. Walimu unawaita kwa jina la ukoo na kwa namna ya heshima, na wao darasani kwetu walituita vilevile kwa heshima, jambo ambalo sikulitarajia.

Heshima yao iko mahali pengine: kupeana mkono na kumtazama mtu machoni huku unataja jina lako, kumsubiri kila mtu akae ndipo mle, kufika saa mliyokubaliana. Na ukiwa kwenye njia ya mlimani, unamsalimu kila unayepishana naye, umjue usimjue. Hapo nilijisikia nyumbani.

Shule ikoje ukilinganisha na yetu?

Nilikuwa shule ya gymnasium, ile inayompeleka mtu chuo kikuu kwa mtihani uitwao Matura. Lakini ukweli muhimu ni kwamba vijana wengi wa Uswisi hawapiti huko. Takriban theluthi mbili, wakimaliza elimu ya lazima wakiwa na miaka 15 au 16, wanaingia mafunzo ya kazi: siku tatu au nne kwa wiki kazini na siku moja au mbili shuleni, huku wanalipwa. Kaka yangu mwenyeji alikuwa akijifunza useremala. Alikuwa akirudi na vumbi la mbao kichwani, amechoka, na fedha yake mfukoni, na hakuna aliyemwona kuwa ameshindwa shule. Baba yake alijivunia kabati alilolitengeneza kuliko alama zozote za dada yake aliyekuwa gymnasium. Kwetu fundi ni mtu tunayemhitaji na kumdharau kwa wakati mmoja. Nilirudi na hasira juu ya jambo hilo na bado ninayo.

Darasani tulikuwa kama 20. Alama zinakwenda 1 hadi 6, na 6 ndiyo ya juu. 4 ni kufaulu. Fimbo hakuna. Mwanafunzi anaweza kumwambia mwalimu "sikubaliani", na mwalimu anauliza "kwa nini?", kisha anasubiri jibu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitazama mlango nikidhani yule kijana atatolewa nje. Hisabati yetu ya kidato cha nne ilinitosha vizuri. Nilichokosa ni kuandika maoni yangu mwenyewe kwenye insha. Mwalimu wa historia alinirudishia kazi ya kwanza yenye mistari mizuri ya tarehe na majina, akaandika chini yake: "Na wewe unaonaje?"

Saa tatu asubuhi kuna mapumziko ya kula kitu kidogo, wanayaita Znüni, na saa kumi jioni kuna Zvieri. Usiikose Znüni, tangazo la safari, mzaha na mialiko yote hutokea hapo.

Je, mwaka ule unahesabika Tanzania?

Hauhesabiki. Hakuna cheti cha huko kitakachokurusha kidato cha tano. Ndiyo maana nashauri uende baada ya kidato cha nne au cha sita, usikatize katikati. Mimi niliingia kidato cha tano shule binafsi niliporudi, mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Zungumza na shule unayoitaka kabla ya kuondoka, na upate jibu lao kwa maandishi.

Ni kweli Waswisi hawana urafiki?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu nusu ya wanaokata tamaa wanakata tamaa hapa.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mpweke. Wenzangu darasani walikuwa wapole, walinionyesha vyumba, walinipa nakala za daftari, halafu saa za shule zikiisha kila mmoja alipanda baiskeli yake akaenda. Hakuna aliyesema "twende kwetu". Novemba ikaja na ukungu uliolala juu ya ziwa siku nzima. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, asubuhi unakwenda shule gizani. Nilikuwa nampigia mama kila siku, na kila nikikata simu nilikuwa na hali mbaya kuliko kabla sijapiga.

Mtu aliyenielewesha ni bibi mwenyeji. Aliniambia kwamba kwao watu hawakutani ili kujuana. Wanakutana ili kufanya kitu, na kujuana kunafuata. Kila mji una vyama: chama cha kuimba, cha mazoezi ya viungo, cha tarumbeta, cha kulenga shabaha, cha mpira. Akanipeleka mwenyewe kwenye timu ya mpira ya wasichana ya mtaani. Nilicheza na suruali ndefu ndani na hijabu ya michezo, na kocha alichotaka kujua ni kama naweza kucheza pembeni kushoto.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi. Kwa mwezi mzima hakuna lililobadilika. Kisha siku moja tulikuwa tunakusanya mipira kwenye mvua, beki wetu wa kati, msichana ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya "pasi", akatoa simu yake akafungua kalenda. Akaniuliza kama Jumapili ya wiki ya tatu kutoka siku ile nina nafasi, wanapika raclette, chakula cha jibini la kuyeyushwa, kwao. Wiki tatu mbele! Nilipofika nyumbani nilimwambia mama mwenyeji kwa masikitiko kwamba labda hawataki kweli nije. Akacheka, akasema mtu akikuandika kwenye kalenda yake ndiyo ameshakuweka moyoni.

Ilikuwa kweli. Yule beki hajaacha kuniandikia hadi leo. Julai 2, 2025, siku ya ufunguzi wa mashindano ya Ulaya ya wanawake yaliyofanyika Uswisi, timu yetu nzima ilikuwa uwanjani Thun tukiangalia Finland wakiwafunga Iceland 1–0. Nilikuwa karibu kurudi nyumbani, na walikuwa wamenihesabia tiketi tangu majira ya baridi bila kuniuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu: jiunge na chama wiki ya kwanza, usisubiri Novemba kama mimi nilivyosubiri kusukumwa. Usiende kwa mtu bila taarifa. Na mama mpigie Jumapili, mara moja kwa wiki, mzungumze kwa kirefu.

Ninavaa hijabu. Nitasumbuliwa?

Shuleni sikusumbuliwa. Hakuna sheria ya nchi nzima inayomkataza mwanafunzi kuvaa hijabu, na mahakama kuu ya shirikisho mwaka 2015 ilitengua katazo la shule moja mashariki mwa nchi. Kilichopigwa marufuku ni kufunika uso mahali pa hadhara. Wananchi walilipitisha hilo kwa kura mwaka 2021 na sheria ikaanza Januari 1, 2025, nikiwa hukohuko. Wakati ule niliulizwa sana maoni yangu, hata na watu wa kituo cha basi. Jiandae kuulizwa. Wengi wanataka kuelewa kweli.

Na ubaguzi wa rangi?

Upo, na sitakudanganya. Mara nyingi ni wa kimya: macho kwenye basi la kijijini, muuzaji anayekufuata dukani, mtu anayekujibu Kiingereza ilhali umemsemesha Kijerumani. Uswisi ina jamii kubwa ya watu wa Eritrea, basi wengi walinichukua kuwa mkimbizi kutoka huko. Mzee mmoja aliniuliza kwenye treni serikali inanipa kiasi gani kwa mwezi. Nilinyamaza. Mwanamke aliyekaa mbele yetu ndiye aliyemjibu, kwa lahaja, kwa sauti iliyosikika behewa zima.

Mweleze familia mwenyeji kila likitokea. Nilidhani watajisikia vibaya, na walijisikia vibaya kweli, lakini hiyo si sababu ya kubeba peke yako.

Chakula je? Na halali inapatikana?

Asubuhi mkate. Jioni, mara nyingi, mkate tena: mkate, jibini, jamu na kahawa ya maziwa, wanaita café complet. Chakula cha moto ni cha mchana. Wiki ya kwanza nililala nikiota wali. Jumapili kuna Zopf, mkate mweupe wa kusukwa uliopakwa yai, na huo nimejifunza kuusuka mwenyewe.

Kwa Mwislamu kuna mambo ya kujua ambayo hakuna atakayekwambia, si kwa ubaya, bali hawayawazi. Fondue, jibini lililoyeyushwa la kuchovya mkate, inapikwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi inaongezwa pombe ya cheri. Mama mwenyeji alijaribu kutumia maji ya tufaha badala yake, ikawa nzuri. Raclette, jibini linaloyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi, haina shida. Soseji ya cervelat, ambayo kila mtu anachoma porini, ina nguruwe. Pipi nyingi za kutafuna zina gelatini ya nguruwe. Nyama ya halali nayo ina historia yake: tangu 1893 Uswisi imekataza kuchinja mnyama kabla hajapoteza fahamu, na katazo lile liliingizwa kwenye katiba kwa kura ya wananchi. Kwa hiyo nyama ya halali ya ng'ombe na kondoo huagizwa kutoka nje na bei yake ni kali. Maduka ya Waturuki yanayo. Mimi nyumbani nilikula samaki, mayai, maharage na jibini, na sikukonda.

Unga wa mahindi wa dukani ni wa chengachenga, haushikani. Ugali wa kweli nilipika kwa unga mweupe kutoka duka la bidhaa za Kiafrika mjini Bern. Pilau ndiyo iliyonipa heshima kubwa. Beba bizari zako, iliki na mdalasini, lakini usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote. Forodha hawaruhusu kutoka kwetu.

Ramadhani ulifungaje?

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na saa za kufunga zilikuwa karibu sawa na za nyumbani. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo miaka michache ijayo itaingia kwenye siku fupi zaidi. Baba mwenyeji alihamisha chakula cha jioni hadi jua kuzama, mwezi mzima, na kwa watu wanaokula saa kumi na mbili na nusu kamili hilo si jambo dogo.

Misikiti ipo, ila usitafute minara: wananchi walipiga kura kuzuia minara mipya mwaka 2009. Tulisalia kwenye jengo ambalo kwa nje unaweza kudhani ni karakana. Waumini wengi wana asili ya Balkani na Uturuki. Idi yetu ilikuwa Jumapili Machi 30, asubuhi ileile saa za Ulaya zinaposogezwa mbele kwa saa moja, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na usingizi na sisi tu ndio tuliopendeza.

Kwa nini kila mtu anasema Jumapili Uswisi ni kama msiba?

Maduka yamefungwa, mashine za kukata nyasi zimezimwa, na hata chupa hutupi, kwa sababu ya kelele za kioo. Kioo kinatenganishwa kwa rangi, karatasi zinafungwa kwa kamba, na mfuko wa taka unaununua kwa bei yenye kodi ndani yake. Usiku baada ya saa nne ni kimya. Ukikaa kwenye maghorofa, kufua kuna zamu.

Mimi niliishia kuipenda Jumapili. Watu wanatembea. Familia nzima inavaa viatu na kwenda mlimani au kandokando ya ziwa, na mazungumzo ya wiki yote hufanyika huko.

Ni kweli wananchi wanapiga kura kila wakati?

Hadi mara nne kwa mwaka. Bahasha inakuja kwa posta na kitabu cha maelezo ndani. Novemba 24, 2024 moja ya maswali lilikuwa kupanua barabara kuu za magari, kimojawapo kipande cha karibu na Bern. Nilikaa mezani nikawaona baba mwenyeji akiandika "ndiyo" na mama mwenyeji "hapana", wakabishana kuhusu foleni na mashamba, kisha wakaweka bahasha mbili kwenye kikapu kimoja cha baiskeli. Hapana ilishinda kwa asilimia 52.7. Baba alinung'unika siku moja, basi.

Bibi alikuwa ameketi nasi. Yeye alikuwa mtu mzima, ana kazi na mtoto, kabla hajaruhusiwa kupiga kura ya nchi. Wanawake wa Uswisi walipata haki hiyo mwaka 1971. Kwetu wanawake walipiga kura kabla yake. Nilipomwambia, aliniomba nirudie.

Milima na mto si hatari?

Ni hatari, na wanaishi nayo kwa kujipanga. Jumatano ya kwanza ya Februari, saa saba na nusu mchana, ving'ora vya nchi nzima vinalia kwa majaribio. Niliambiwa mapema, na bado moyo uliruka. Nyumba yetu ilikuwa na handaki chini, lenye mlango wa zege, na ndani yake viazi na vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Utaona pia vijana wa jeshi wakipanda treni na bunduki zao Jumapili jioni. Thun ni mji wa kambi, na vijana wa kiume wote wanaitwa jeshini.

Mei 28, 2025 barafu na mwamba viliporomoka na kukifunika kijiji cha Blatten, ng'ambo ya milima yetu, katika bonde la Lötschental. Wakazi wake kama 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu wataalamu waliuona mlima ukisogea. Mtu mmoja alikufa. Kijiji chenyewe kilikwisha. Tuliporudi darasani mwalimu wa jiografia hakufungua kitabu. Tulizungumza saa nzima, na wanafunzi wawili wenye ndugu upande ule walilia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba milima ile ya kwenye kalenda ni nyumbani kwa watu.

Mto Aare kiangazi watu wanauingia na kuacha maji yawachukue, nguo ziko kwenye mfuko usioingiza maji. Maji yanakwenda kasi na ni ya baridi. Kama hujui kuogelea vizuri usiingie hata wakikubembeleza. Mimi nilijifunza kwanza kwenye bwawa, nikaingia mtoni mwishoni mwa Juni tu, nikiwa kati ya watu wawili.

Nitakutana na mtu yeyote wa kuzungumza naye Kiswahili?

Pengine, na huenda asiwe Mwafrika. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kama maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy wa Basel, na madaktari, wauguzi na wamisionari wengi wa Kiswisi wamepita Morogoro. Mtaa wa pili kutoka kwetu aliishi muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Ifakara. Aliposikia nimefika alikuja na keki, akanisalimu mlangoni: "Karibu mwanangu, za Morogoro? Mto Kilombero umejaa?" Nilishindwa kumjibu, nikalia. Baadaye nilikuwa nakwenda kwake Ijumaa tunakunywa chai ya tangawizi, naye ananisahihisha Kijerumani kwa Kiswahili.

Fedha kiasi gani?

Faranga moja ilikuwa kama shilingi 3,000, na kebabu moja ya mtaani ilizidi faranga 10. Chakula na malazi ni vya familia, lakini simu, nguo na matembezi ni vyako. Kufanya kazi sikuruhusiwa. Nunua kadi ya nusu nauli ya treni mara ufikapo. Koti na viatu vya baridi usinunue Tanzania wala dukani. Kuna maduka ya mitumba wanayoyaita Brocki, na huko nilipata koti zito, safi, kwa bei ya sahani chache za chakula. Uliza pia mapema kuhusu misaada ya kifedha ya shirika lako. Mimi nisingekwenda bila huo.

Nianze lini maandalizi?

Mwaka mzima kabla. Pasipoti kwanza. Kwa kukaa zaidi ya siku 90 unahitaji viza ya muda mrefu, na maombi yako yanapitiwa na ofisi ya uhamiaji ya jimbo utakaloishi, kwa hiyo huwezi kuyaharakisha. Ukiwa chini ya miaka 18 wazazi wote wawili watatakiwa kutia saini, na kama mmoja hayupo au amefariki, nyaraka za kuthibitisha zinachukua muda kuliko viza yenyewe, anza nazo. Ukifika, una siku 14 za kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Beba kibadilishi cha plagi: zao zina matundu matatu ya duara. Na weka kanga mbili kwenye sanduku, moja ya kwako na moja ya mama mwenyeji.